Kambi ya Upinzani na Spika za Darsani

Mama aliacha kwenda darsani bila kugombana na mtu. Alianza kwa kusingizia magoti, halafu jua, halafu wageni ambao hawakuja. Siku moja nilimbana jikoni, akanijibu huku anachambua mchele, bila kuniangalia: "Mwanangu, mimi nasikia mvumo tu. Maneno siyasikii. Nakaa pale kama mzigo uliosahaulika." Akaendelea na mchele wake. Nilijua limemuuma kuliko alivyotaka nijue, kwa sababu mama akiumia huwa anatafuta kazi ya mikono.

Darsa lile la kina mama husomeshwa baada ya sala ya alasiri, katika ukumbi wa madrasa mtaani kwetu, hapa Bagamoyo. Mama amelihudhuria tangu mimi sijaolewa. Wanawake wanakaa mikekani, mwalimu naye ni mwanamke, anakaa mbele na maikrofoni yake, na wakati ule sauti ilikuwa inatoka kwenye spika mbili za honi zilizofungwa juu ukutani, zile za kutangazia misiba na chanjo. Kelele zilikuwa nazo. Mtu aliyeko barabarani alijua kuna darsa, ila aliyekaa ndani ndiye hakujua linahusu nini. Wenye masikio mazuri walikisia neno lililopotea na kulijaza wenyewe. Masikio ya mama yamechoka, na ukimnyima nusu ya maneno hana namna ya kuyajaza.

Nilikasirika, na hasira zangu huwa zinaniponza kwa ahadi. Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari, lakini nje ya darasa ugonjwa wangu ni sauti. Naunda spika, nazipima, nazibomoa, naziunda upya. Nikamwambia mama, "Utasikia. Ramadhani haiingii hujarudi darsani."

"Haya," akasema, ile haya ya kumnyamazisha mtoto.

Wenzangu wa ugonjwa huu tunakutana Mapinga siku za Jumapili, nyumbani kwa Mzee. Alikuwa fundi mitambo wa redio mpaka alipostaafu, akajenga kwenye kiwanja alichokinunua wakati Mapinga bado ni mashamba ya mihogo na watu wanamcheka. Chumba kizima cha nyumba ile amekipa spika. Mkewe anakiita chumba cha mke mwenza, na akituletea kahawa hubisha hodi kwa nguvu ili huyo mwenzie ajistiri. Mwingine ni mfamasia wa Kerege, kijana mpole anayependa nyaya zake zipangwe kama dawa kwenye rafu. Na wa nne ni huyu ninayetaka kumsimulia.

Lakini kwanza mjue kawaida yetu. Kwetu mtu hasemi "spika hii tamu" akaachwa apite. Ataulizwa: kwa kipimo gani? Tunaweka maikrofoni ya kupimia mbele ya spika, kompyuta inapiga sauti yake ya kupanda kama filimbi, kisha inachora mstari. Mstari ukinyooka, tunapongezana. Ukiyumba, tunarudi kwenye bisibisi. Na mtu akidai anasikia tofauti ambayo mstari hauionyeshi, tunatundika shuka. Spika zinakaa nyuma ya shuka, mmoja wetu anajificha huko na kubadilisha hiki na kile, na wewe uliyedai unakaa kitini na kusema kipi ni kipi kwa masikio yako tu. Naipenda sana ile shuka. Nimeona mbele yake wanaume wenye maneno mengi wakitoka jasho na kuomba maji.

Aliyetoka jasho mara nyingi kuliko wote ni huyo wa nne, muuza vitambaa wa mji mkongwe, wa ukoo ambao umefanya biashara Bagamoyo kabla babu zetu hawajavaa viatu, na hachoki kutukumbusha. Tulimwita Kambi ya Upinzani. Ana kwa ana tulimwita Mheshimiwa. Tukisema waya ni waya, yeye alisema waya una tabia. Tukisema boksi hili la spika limetulia, aliliwekea kiganja kama anayepima homa, akatikisa kichwa. Aliwahi kuja na nyaya nene kama mipira ya kumwagilia bustani, akaapa kwamba zinaamsha sauti. Tukatundika shuka. Akashindwa vibaya. Jumapili iliyofuata alileta halua kama faini, akaila zaidi yetu, akapangusa vidole na kusema, "Lakini bado nasema."

Alikuwa ananichosha, sitaficha. Kuna Jumapili nilikuwa narudi nyumbani bado nabishana naye kichwani, naosha vyombo kwa hasira mpaka mume wangu ananiuliza kikombe kimenikosea nini.

Nilipowaambia habari za mama, wote walikubali papo hapo kwamba tutengeneze spika za ukumbi ule, kazi ya sadaka. Mzee alichora, seremala wa jirani akakata mbao, mfamasia akafunga nyaya. Kila boksi lilikuwa refu, na spika mbili ndani: ndogo juu, ya sauti nyembamba, na kubwa chini yake, ya sauti nzito. Jumapili tuliyozipima, mstari ulinyooka kuliko wowote tuliowahi kuuona. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mfamasia alipiga picha ya kompyuta. Mimi moyoni nilimwona mama darsani, nikapiga kigelegele, na mke wa Mzee akaitikia kutoka jikoni bila kujua kuna nini.

Tukaswali alasiri, kahawa ikaja, tukaweka sauti ya mwalimu wa darsa niliyokuwa nimeirekodi kwa simu. Watu wamekunywa, wamefurahi. Ndipo Mheshimiwa akasema, "Hapana."

"Hapana nini?" Mzee akauliza.

"Huyu mwalimu anaongea amevaa barakoa."

Tulicheka. Kisha tukamwonyesha mstari. Akautazama, akasema mstari ni mzuri na mwalimu bado amevaa barakoa. Akatafuta mchawi, na mchawi akawa kapasita, vile vidude vidogo vinavyogawa sauti kati ya spika ndogo na kubwa. Alisema tulizonunua ni za mitumba, hazina roho. Neno roho ndilo lililomchefua Mzee. Baada ya Jumapili kadhaa za ubishi huo, Mheshimiwa mwenyewe akaenda kutafuta kapasita za fahari, tukazifunga kwenye boksi moja, tukatundika shuka, tukamketisha kitini pale palipochorwa chaki. Alibahatisha tu. Alipokosea alikosea kwa sauti kubwa, na alipopatia alipatia kwa bahati. Mfamasia alitoka nyuma ya shuka akiwa anamwonea huruma.

Mtu mwingine angenyamaza. Yeye alivaa viatu mlangoni akasema, "Lakini barakoa ipo."

Kesho yake Mzee akaandika kwenye kundi letu la simu: "Ndugu zangu, sisi ni watu wa kipimo. Mwenzetu amepewa nafasi, ameshindwa, na bado anapinga. Anatupotezea muda na anawavunja moyo wanaojitolea. Napendekeza tuachane naye kwa wema." Mfamasia akaweka dole gumba. Niliandika jibu, nikafuta, nikaandika refu zaidi, nikafuta na hilo. Mambo ya kumjibu mtu mzima siyamudu kwa simu. Jumapili nikapanda gari mapema kwenda Mapinga.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwalimu. Naona umevimba."

"Nimevimba, Mzee wangu. Nisamehe kwa nitakayosema. Ile shuka tuliitundika kwa sababu ya nani?"

Akavua miwani, akaanza kuifuta.

"Ni kwa ajili yake. Kabla hajaja hapa tulikuwa tunaaminiana tu, wewe unasema nzuri, sisi tunaitikia nzuri. Alipoanza ubishi wake wa nyaya ndipo tukajifunza kujipima na sisi. Chaki sakafuni, yeye. Kupima spika mara mbili siku mbili tofauti, yeye. Kila utaratibu tunaojivunia humu ndani tumeuweka ili tumshinde yule mtu. Tukimtoa tutabaki tunapongezana, na kahawa ya mama mwenye nyumba itakwisha bure."

"Lakini ameshindwa, binti yangu. Mbele ya macho yako."

"Ameshindwa kwenye kapasita. Anachokisikia ni jambo lingine, na hilo hatujampima nalo. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza vizuri." Nikamsogelea. "Na mle ndani atakaa mama yangu, Mzee. Nimemwahidi. Kama barakoa ipo, yeye ndiye atakayevalishwa."

Mzee alisugua magoti yake kwa viganja. Hakupenda kuambiwa, lakini alikuwa amekaa na mitambo miaka mingi mno, asingeweza kujidanganya. "Haya," akasema. "Muulize wewe. Mimi nikimuuliza tutapigana. Tukikutana tena kabla ya kuzipeleka, uwe na jibu."

Nilimkuta Mheshimiwa dukani kwake, anapima kitambaa kwa mteja kwa ile rula yake ya mbao, uso umemshuka. Alikuwa ameusoma ujumbe.

"Umekuja kunizika, dada?"

"Nimekuja kukuuliza, kaka. Lakini leo usinieleze sababu. Sitaki kapasita, sitaki roho. Nieleze tu unasikia nini na unasikia lini."

Mteja alipoondoka akanivutia kigoda. Ilikuwa ajabu kumwona hana la kubisha. Akaanza kunisimulia taratibu, na mimi nikawa namhoji kama ninavyomhoji mwanafunzi ambaye jaribio lake la maabara limetoa rangi isiyotarajiwa. Ni herufi zipi zinapotea? Akasema s, sh, f. Neno "sifa" na neno "shifaa" anayachanganya. Kila siku? Kila siku. Hata siku ya shuka?

Hapo akasita. Akakunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

"Siku ya shuka, hapana," akasema. "Siku ile ilikuwa safi. Safi kabisa. Nikadhani ni woga wangu, nikaona aibu kusema."

"Na zile siku nyingine, ulikuwa umekaa wapi?"

"Nikae wapi tena? Chini. Si nikishaswali nabaki palepale kwenye busati, nanyoosha miguu, nakunywa kahawa yangu. Nyinyi ndio mnaokimbilia viti."

Nikauona ukumbi wa darsa jinsi ulivyo: mkeka mpaka mkeka, ukuta mpaka ukuta, na viatu vyote nje mlangoni. Kiti pekee mle ndani ni kibovu cha plastiki cha kuwekea jagi la maji. Niliondoka dukani bila hata kuaga vizuri, akabaki ananiita nimwambie kuna nini.

Tulipokutana Mapinga nikawaomba kitu kimoja tu, tuketi chini. Mzee alishuka akishikilia meza, mfamasia akakunja suruali yake, mimi nikakaa upande wangu na mtandio wangu. Mheshimiwa alikuwa amekwisha kaa zamani. Nikaweka ile sauti ya mwalimu. Sentensi ya kwanza haijaisha, mfamasia akageuka kunitazama. Mzee alifumba macho. Akainuka nusu, kimo cha mtu wa kitini, akasikiliza, akashuka tena. Akainuka, akashuka. Mkewe aliyekuwa mlangoni na kahawa akauliza hizo ni rakaa gani.

Tukateremsha maikrofoni. Stendi yake haikufika chini kiasi hicho, kwa hiyo tukapindua sufuria na kuiweka juu yake, usawa wa sikio la mtu wa mkekani. Kompyuta ikapiga filimbi yake, ikachora. Ule mstari wetu ulionyooka ulikuwa na shimo katikati, pana, pale pale zinapokaa herufi zinazotofautisha neno na neno. Maelezo yake si magumu. Spika ndogo na kubwa hupokezana sauti, na sisi tulizipanga zipokezane vizuri kwa sikio lililoko kimo cha kiti. Ukishuka, sauti ya moja inakufikia kabla ya mwenzake na zinafutana. Kitini hulioni hilo shimo. Mkekani umekaa ndani yake.

Maelekezo tuliyojifunzia, ya mtandaoni, yanasema upime usawa wa sikio la msikilizaji aliyeketi. Waliyaandika watu wa makochi, na kwao ni sahihi. Kosa lilikuwa letu peke yetu. Sisi tumezaliwa mkekani, tumefundishwa alifu na bee mkekani, tumeoa na kuolewa mkekani, na katika nyumba zetu mgeni wa heshima anatandikiwa mkeka mpya. Halafu tukatengeneza spika za ukumbi usio na viti, tukazipimia kitini, na tukamcheka mtu pekee aliyekaa panapostahili kukaliwa.

Mzee alianza kucheka kwanza. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akamshika Mheshimiwa mkono na kuung'ang'ania. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilitaka kukufukuza na ulikuwa unasikia."

Nilidhani Mheshimiwa atatamba. Macho yalimjaa machozi, akayageuzia ukutani. Kisha akakohoa akasema, "Kwa hiyo zile kapasita..."

"Kapasita hazimo!" tukapiga kelele sote watatu.

"Haya, hazimo," akasema. "Kwa leo."

Dawa yake ilikuwa rahisi kiasi cha kuudhi. Tuliyapindua maboksi, kichwa chini miguu juu, spika ndogo ikawa chini, tukayainamisha kidogo kuelekea sakafuni. Tukapima kwenye sufuria: shimo limehama, limekwenda juu kwenye kimo cha viti ambavyo havipo. Mheshimiwa alikagua kila pembe ya chumba akiwa ametambaa kama mtoto, na safari hii tulimfuata na maikrofoni popote aliponyoosha kidole. Pembe moja alituambia bado. Tukapima, ilikuwa bado. Pembe nyingine alisema bado, tukapima, ilikuwa sawa, naye akakubali. Mzee ameweka utaratibu tangu siku ile kwamba spika haitoki chumbani mwake kabla ya Mheshimiwa kuipinga, na asipoipinga tunaingiwa na wasiwasi.

Tulizifunga ukumbini wiki ya mwisho ya Shaabani. Kila mwanamke aliyeingia aliuliza kwa nini spika zimefungwa juu chini, na mfamasia, aliyekuwa ngazini anamalizia nyaya kabla ya wanaume kutoka kupisha darsa, alieleza mpaka akachoka, akaanza kujibu kwamba ndiyo mtindo mpya.

Mama hakutaka kuja. Alisema magoti. Nikamwambia mama, mimi si mgeni wa hayo magoti, vaa buibui. Akavaa, kwa kunihurumia nadhani, akaenda kukaa nyuma kabisa karibu na mlango, mahali pa mtu anayepanga kutoka mapema. Mimi nilikaa pembeni na amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, nimeshika kitufe chake. Sikuwa namtazama mwalimu. Nilikuwa namtazama mama.

Mwalimu alianza kwa sauti yake ya kawaida, hakuhitaji kuipaza. Somo lilikuwa adabu za kumtembelea mgonjwa. Mama aliinamisha kichwa kama alivyozoea, anatafuta neno. Kisha nikamwona ameacha kutafuta. Kichwa kikainuka. Akausogeza mtandio nyuma ya sikio, halafu akaurudisha, kana kwamba hakuna haja tena. Mwalimu akasema jambo la kuchekesha kuhusu wageni wanaomsimulia mgonjwa habari za waliokufa kwa ugonjwa ule ule, na mama akacheka, pamoja na wenzake, wakati ule ule na wenzake. Nililia pale pembeni kama mjinga, nimekumbatia amplifaya.

Mwalimu akaendelea. Akasema mgeni asikae sana kwa mgonjwa, aseme dua yake, aage, amwache apumzike. Wanawake wakaitikia kwa vichwa. Kutoka nyuma kabisa mkono mmoja ukanyooka.

"Mwalimu, samahani," mama akasema.

Watu wakageuka. Hakuna aliyekumbuka lini mara ya mwisho mama yangu aliuliza kitu darsani.

"Baba wa watoto wangu, Mungu amrehemu, alivyokuwa kitandani," akasema, "alikuwa akiwashika wageni mikono wasiondoke. Walioaga mapema kwa adabu, alikuwa akibaki analia. Sasa huyo naye tumfanyeje?"

Baba hakuwahi kuzungumzwa hivyo, hata nyumbani. Mwalimu aliiweka chini karatasi yake. Akafikiri. "Mama yangu," akasema, "wa mbele huku hawakukusikia vizuri, na hili wanapaswa kulisikia." Maikrofoni ikapokezwa mkono kwa mkono, ikafika nyuma, mama akaishika kwa mikono miwili. Akavuta pumzi, nayo tuliisikia. Halafu sauti yake ikatoka kwenye spika zote mbili, kila herufi mahali pake:

"Nasema, mwalimu wangu, kwa heshima zote, hapo mimi sikubaliani."